Mboga za nyumbani mwaka mzima Arusha: sia mbegu ya msimu unaokuja, siyo wa leo (mwongozo kamili)

Kila mwaka ni hivi hivi. Mvua ya kwanza ya Machi ikipiga watu wote wanakimbilia duka la pembejeo, wananunua nyanya, hoho, kabichi, karoti na mchicha, wanamwaga zote wiki hiyo hiyo, Aprili inafika kitalu kimeoza, nyanya zimeungua majani, mchicha umekomaa wote siku moja mpaka unapewa ng'ombe, halafu Agosti mtu huyo huyo yuko sokoni ananunua sukuma fungu. Nimeulizwa mara nyingi mno, "mbona bustani yangu inakufa kila baada ya miezi mitatu?" Jibu karibu mara zote ni lile lile: ulipanda kwa kufuata mvua ya leo, wakati mbegu unayosia leo maisha yake yote itayaishi kwenye hali ya hewa ya mwezi ujao na ule unaofuata.

Ukishika hilo moja, mengine yote humu ni kazi ya mikono tu.

Kalenda hii ni ya Arusha na sehemu za jirani, Tengeru, Usa River, Moshi ya juu, yaani kwenye mita kama 1,200 mpaka 1,600 juu ya bahari. Walioko Nairobi na Kiambu wanaweza kuifuata karibu ilivyo, wajue tu vuli yao inawahi kidogo. Walioko Dar, Tanga mjini au Mombasa msiifuate kwenye karoti, kabichi na njegere, joto lenu ni jingine.

Vitu vya kuandaa kwanza

Usinunue mbegu kabla hujawa na hivi:

- Eneo la mita 5 kwa 9 linalopata jua angalau saa 6 kwa siku. Hapo yanaingia matuta 6 ya mita 1 kwa 5 na njia za nusu mita, yanatosha mboga za majani za familia ya watu watano au sita
- Samadi iliyooza, debe 30 (debe 5 kwa kila tuta)
- Jembe, reki, kamba na vigingi
- Kopo la kumwagilia la lita 10 lenye kichwa cha matundu madogo
- Trei za miche, au kama huna basi kipande cha mita 1 kwa 2 cha kitalu cha chini
- Neti ya kivuli au nyasi na fito za kichanja
- Nyasi kavu au maganda ya maharage ya matandazo, magunia mawili kwa kuanzia
- Plastiki angavu ya kufunika kitalu wakati wa masika
- Fito za kusimikia nyanya
- Uzio. Kama una kuku au jirani yako ana kuku, uzio unakuja kabla ya mbegu, kuku watatu wanamaliza kitalu cha wiki nne asubuhi moja
- Daftari na kalamu

Kwenye mbegu, angalia paketi ina lebo ya TOSCI (taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu Tanzania) na tarehe haijapita. Mbegu ya kupimwa kwenye kijiko inayouzwa bila paketi iache, maana ikigoma kuota hutajua kosa ni lako au la mbegu, na unapoteza mwezi mzima.

Hatua ya 1: Kaa na eneo lako siku mbili kabla ya kulima

Angalia jua linapiga wapi saa tatu asubuhi, saa sita na saa kumi. Julai jua linainamia kaskazini, kwa hiyo ukuta au mti ulioko upande wa kaskazini wa bustani utakutupia kivuli kirefu kipindi chote cha baridi, na Desemba kivuli kinahamia upande mwingine. Watu wengi wanapima Desemba halafu Julai wanashangaa karoti haziongezeki.

Pima maji pia. Kiangazi tuta moja la mita 5 za mraba linakunywa kama lita 25 kwa siku. Matuta 6 ni lita 150. Kama maji yako ni ya mgao na huna tanki, usilime matuta sita kwa mkupuo, lima mawili uyatunze vizuri.

Umefanikiwa hapa kama unaweza kusema bila kubahatisha: tuta hili lina jua siku nzima, lile lina kivuli mchana, na maji ya wiki nzima ninayo.

Hatua ya 2: Matuta

Tifua kina cha sm 30, toa mizizi yote ya sangari, usiikatekate ukaiacha kwa sababu kila kipande kinaota upya. Mwaga debe 5 za samadi kwa tuta, changanya na udongo wa juu sm 15, sawazisha na reki. Pasikanyagwe tena, mguu ukae kwenye njia tu. Udongo wetu wa Mlima Meru ni wa volkano na una rutuba ila ukikanyagwa ukiwa na maji unakuwa kama matofali.

Wakati wa masika inua tuta sm 20 juu ya njia ili maji yatoke. Kiangazi fanya kinyume, shusha tuta liwe chini kidogo ya njia ili maji yabaki. Hii peke yake inaokoa mboga nyingi kuliko dawa yoyote ya dukani.

Samadi mbichi ni hatari. Inaunguza mizizi, inaleta magugu na inafanya karoti zitoke na miguu mitatu. Mwaka mmoja niliuziwa samadi nikaambiwa imekaa mwaka, nikaiweka jioni hiyo hiyo, wiki iliyofuata miche yangu yote ya chainizi ilikuwa ya njano kwenye ncha. Toka hapo naingiza mkono katikati ya lundo kabla sijalipa: ikiwa ya moto au inanuka mkojo siichukui. Iliyoiva ni nyeusi, inamomonyoka na inanuka kama udongo wa msituni baada ya mvua.

Majivu ni mazuri, gao mbili kwa mita ya mraba, lakini usiyachanganye na samadi siku moja, yanafukuza naitrojeni hewani. Pisha wiki mbili.

Hatua ya 3: Kitalu, hapa ndo wengi mnapoangukia

Nitakaa hapa kidogo maana bustani ya mwaka mzima ni kitalu kisicholala. Tuta likivunwa leo, miche ya kulijaza iwe tayari imefikisha wiki nne. Ukisubiri tuta liwe wazi ndo usie, umeshakula mwezi mzima wa bure.

Mchanganyiko wa udongo: sehemu 3 za udongo wa juu, 2 za samadi iliyooza na kuchekechwa, 1 ya mchanga. Jaza trei, au sawazisha kitalu cha chini, chora mistari ya kina cha sm 1 iliyoachana sm 10. Sia mbegu mojamoja, usimwage kama chumvi. Miche iliyosongamana inakuwa mirefu na myembamba, inagombania mwanga, halafu inaanguka.

Funika na udongo kidogo, mwagilia taratibu, tandaza nyasi kavu juu. Sukuma na chainizi zinaota siku ya 5 mpaka ya 8, nyanya 7 mpaka 10, hoho inaweza kufika siku 14 na zaidi kama ni Juni. Kuanzia siku ya 4 chungulia kila asubuhi. Ukiona vichwa vya kwanza ondoa nyasi jioni hiyo hiyo, ukichelewa siku mbili tu miche inapinda na kuwa myeupe, na mche uliopinda haunyooki vizuri tena.

Weka kichanja cha kivuli kimo cha mita 1. Kivuli ni cha wiki mbili za mwanzo, baadaye kipunguze kidogo kidogo.

Tahadhari ya kinyausi. Hii ndiyo miche inaota vizuri, siku ya tatu unakuta imelala, shina limenyongwa pale linapokutana na udongo. Ni fangasi wa udongo uliolowa muda wote. Usimwagilie jioni kwenye kitalu, mwagilia asubuhi, udongo wa juu ukauke kabla ya usiku. Masika funika na plastiki iliyoinuliwa, pande zote mbili zikae wazi hewa ipite. Ikishaanza sehemu moja toa miche yote ya hapo pamoja na udongo wake, acha maji siku mbili, na usiurudie udongo ule kwa kitalu.

Umri wa kuhamisha: sukuma, kabichi na chainizi wiki 4 hadi 5, nyanya wiki 4, ngogwe (nyanya chungu) wiki 5 au 6, hoho wiki 6 hadi 7, vitunguu wiki 6 hadi 8. Kipindi cha baridi ongeza wiki moja kwa vyote.

Wiki ya mwisho punguza maji na ondoa kivuli kabisa. Miche itanyong'onyea kidogo mchana, usiihurumie, inakomaa. Mche mzuri una majani halisi 4 mpaka 6, shina nene kama penseli, mfupi, kijani iliyokolea. Ukiwa mrefu na laini ni heri usie upya.

Hatua ya 4: Kuhamisha

Hamisha jioni kuanzia saa kumi au siku ya mawingu. Mwagilia kitalu masaa mawili kabla ili mizizi itoke na udongo wake, chimba mashimo, jaza maji kwanza, panda, kandamiza kwa vidole viwili, tandaza nyasi ukiacha sm 5 kuzunguka shina.

Nafasi ninazotumia mimi: sukuma sm 50 kwa 50, kabichi 60 kwa 45, chainizi na spinachi 30 kwa 30, nyanya 75 kwa 50, hoho 60 kwa 45, ngogwe 75 kwa 60, vitunguu 15 kwa 10. Najua zinaonekana kubwa mwanzoni. Ukibana, hewa haipiti, na hewa isipopita ukungu unapata nyumba.

Sota, viwavi wanaojificha udongoni, wanakata miche usiku kwa chini. Ukikuta mche umelala umekatwa asubuhi, fukua hapo hapo sm 3, yuko anajikunja, muue. Kwenye tuta lenye historia ya sota zungushia kila mche kipande cha karatasi ngumu au cha chupa ya plastiki.

Siku ya nne majani yakisimama saa saba mchana bila kulegea, mmea umeshika. Ikifika siku ya saba bado yanalala, fukua mmoja uangalie mizizi, mara nyingi utakuta imekunjwa kuelekea juu wakati wa kupanda.

Hatua ya 5: Kalenda

Mimi naanza mwaka wangu wa bustani Mei, siyo Januari. Mvua inapungua, udongo una maji ndani, joto limeshuka, na mbele yako kuna miezi mitatu mizuri kuliko yote ya mboga za majani. Kama unaanza leo na hujui pa kuingilia, ingia Mei.

*Mei mpaka Agosti, baridi na ukavu.* Usiku wa Julai unaweza kushuka mpaka nyuzi 12 au 13. Ni wakati wa kabichi, karoti, spinachi, chainizi, figiri, njegere, vitunguu, saumu, mnavu na giligilani. Giligilani ukiipanda Januari inatoa maua kabla hujala, Juni unaikata miezi miwili.

Vitunguu kitalu kianze Machi mwishoni chini ya plastiki, vihamishwe Mei mwishoni, vikauke Septemba na Oktoba wakati jua kali na hakuna mvua ya kuviozesha. Hapa ndo utaona ninachosema: ulisia masika, kwa ajili ya ukavu wa Septemba.

Karoti haziatikwi. Sia moja kwa moja, mistari sm 20, kina sm 1, funika tuta na gunia lililoloweshwa na ulichungulie kila siku maana mbegu inachukua siku 7 hadi 14 na ikikauka siku moja katikati imekufa. Toa gunia zikitokeza. Zikifika sm 5 zipunguze, acha moja kila sm 5, inauma kung'oa lakini usipong'oa utavuna nyuzi. Siku 90 hivi unavuna, Julai ongeza wiki mbili.

Mnavu tafuta aina ya Nduruma au Olevolosi, zimetokana na utafiti wa huku huku Tengeru, majani mapana na hazikimbilii kuzaa. Mnavu uive vizuri, usile mbichi.

Nyanya za kwanza zihamishwe mwishoni mwa Mei au Juni mvua ikishakata. Zitakua polepole kwa baridi ila zitakuwa safi, utavuna kuanzia Septemba. Kwa anayeanza nashauri Tanya, ni fupi na ganda lake gumu, ilitolewa na watafiti wa Tengeru mwaka 1997 pamoja na Tengeru 97, na zote mbili unaweza kujitolea mbegu mwenyewe. Chotara inazaa zaidi lakini mbegu yake ukiirudia haitoki kama mama yake.

*Septemba na Oktoba, joto linapanda, vumbi.* Maji ndo kila kitu. Usianze kabichi wala karoti hapa. Hamisha hoho na ngogwe zilizosiwa Julai na Agosti, sia bamia na kunde. Mchicha sasa unakimbia. Nyanya za awamu ya pili zihamishwe Septemba mwanzoni, zizae kabla vuli haijanoga.

Mwezi wa Oktoba pia andaa kitalu cha sukuma cha vuli hata kama hakuna dalili ya mvua. Novemba mvua ikipiga we unahamisha, mwenzako ndo kwanza anafungua paketi.

*Novemba na Desemba, vuli.* Maharage, viazi mviringo, maboga, matembele, sukuma, mgagani. Maharage yaingie na mvua ya pili siyo ya kwanza, ya kwanza mara nyingi inadanganya, inanyesha siku mbili inakata wiki mbili. Matembele chukua marando ya sm 30, zika nusu, hayana gharama na yakishashika yanakulisha mpaka uyachoke. Nayaweka tuta la pembeni peke yao, yakiingia kwenye mboga nyingine hayatoki.

*Januari na Februari, joto na ukavu.* Bamia, mchicha, kunde za majani, ngogwe, matembele. Sukuma iliyopo ivushe kwa maji na matandazo, usianzishe mpya mpaka Februari mwishoni. Huu ndo muda wa kupumzisha tuta moja au mawili, yajaze samadi na nyasi yasubiri masika.

*Machi na Aprili, masika.* Ndiyo miezi ambayo kila mtu anapanda na mimi nakuomba upande kidogo. Panda maharage, mahindi ya kuchoma pembezoni, mnavu, sukuma kwenye matuta yaliyoinuliwa, ndizi na miti ya matunda. Usipande nyanya za wazi. Niliwahi kupanda miche 60 katikati ya Machi, ilikuwa mizuri mno, Aprili zikaja siku nane za mvua na ukungu mfululizo, baka jani chelewa, ugonjwa wa ukungu, ikaingia, siku kumi tuta zima lilikuwa jeusi na hakuna dawa niliyopiga iliyobaki kwenye jani zaidi ya saa mbili. Unataka nyanya masika? Zifunike kwa plastiki juu kama banda, pande wazi, umwagilie kwenye shina tu.

Miti na matunda: papai, parachichi ya kupandikiza, pasheni na limau zipande Machi mwishoni zipate mvua yote. Weka kusini mwa bustani ili kivuli cha Julai kisiangukie mboga. Ndizi ziweke pale maji ya kuogea yanapotokea.

Hatua ya 6: Kidogo kila wiki mbili

Mchicha unaiva siku 21 mpaka 30. Ukisia tuta zima leo utakula wiki moja, zilizobaki zinatoa mbegu. Gawa tuta vipande vinne, kila kipande zaidi kidogo ya mita. Sia kimoja leo, cha pili baada ya wiki mbili, unaenda hivo, kipande cha nne kikiwa kinaota cha kwanza kimeshavunwa na kupumzika. Mbegu ni ndogo, changanya kijiko kimoja na vijiko vitano vya mchanga mkavu ndo usie, itatawanyika sawa.

Chainizi na figiri fanya hivo hivo. Sukuma haina haja, panda miche 20 Mei na 20 Novemba, chuma majani ya chini tu mawili matatu kwa mche kila wiki, acha angalau matano juu. Anayekwangua mpaka kichwani anaua kiwanda chake mwenyewe.

Hatua ya 7: Maji na matandazo

Kumwagia kidogo kila siku kunafanya mizizi ikae juu, jua likipiga inakaanga. Kwa mimea iliyoshika mwagilia siku moja unaacha moja, makopo 5 ya lita 10 kwa tuta kiangazi, asubuhi, kwenye udongo siyo kwenye majani. Ingiza kidole sm 5: kikitoka na udongo ulionata acha, kikitoka kikavu mwagilia. Miche na mbegu zinazoota ndizo zinazotaka maji kila siku.

Matandazo ya unene wa sm 5 mpaka 8 yanapunguza sana kazi ya maji na palizi. Masika yapunguze, konokono wanalala humo. Maji ya kuoshea vyombo peleka kwenye ndizi, yenye dawa ya madoa usipeleke popote.

Hatua ya 8: Usirudishe ndugu kwenye kitanda kimoja

Nyanya, hoho, ngogwe, bilinganya, mnavu na viazi mviringo ni ukoo mmoja, magonjwa yao ni yale yale. Watu wanatoa nyanya zilizokufa wanaweka hoho, wanadhani wamebadilisha zao. Sukuma, kabichi, chainizi na figiri ni ukoo wa pili. Maharage, njegere na kunde wa tatu. Karoti na vitunguu siyo ndugu ila nawapanga pamoja kundi la nne. Tuta likitoka kundi moja liende lingine, na ukoo wa nyanya usirudi tuta lile kabla ya mwaka mmoja, miwili ni bora.

Mpangilio wangu: maharage, halafu sukuma, halafu karoti au vitunguu, halafu nyanya. Sukuma inakula naitrojeni iliyoachwa na maharage, karoti inafuata wakati samadi imeshapoa.

Kama nyanya inanyauka ghafla ikiwa kijani, kata shina chini, tumbukiza kwenye glasi ya maji masafi usitikise. Dakika chache ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka, huo ni mnyauko wa bakteria. Hakuna dawa. Ng'oa, choma, osha jembe, na tuta hilo lisione ukoo wa nyanya miaka mitatu au zaidi.

Hatua ya 9: Wadudu

Tembea bustanini kila asubuhi dakika kumi, geuza majani. Dakika hizo ndizo dawa kubwa.

Vidukari kwenye sukuma: sabuni ya maji vijiko viwili vya chai kwa lita moja ya maji, piga jioni chini ya jani, jaribu kwanza kwenye majani mawili usubiri siku moja. Rudia baada ya siku 4.

Viwavi vya kijani: okota kwa mkono ukiwa na matuta sita tu, inawezekana kabisa.

Kantangaze, kiwavi anayechimba ndani ya majani na matunda, ndo adui mkubwa wa nyanya tangu iripotiwe huku mwaka 2014. Jani linakuwa na madoa angavu kama limechorwa ndani, tunda lina tundu dogo karibu na kikonyo. Chuma kila jani lenye mchoro, tia kwenye mfuko mweusi, funga, acha juani wiki nzima, usilitupe kwenye mboji. Weka beseni la maji yenye sabuni na taa juu yake usiku, vipepeo wanaanguka humo, au nunua mtego wa harufu. Mwarobaini unasaidia ukianza mapema, viwavi wakishaingia ndani ya tunda umechelewa.

Nyanya ikiwa na kitako cheusi siyo mdudu wala ugonjwa wa kupulizia. Umekuwa ukikausha na kulowesha kupita kiasi, mmea unashindwa kuvuta kalisiamu. Rekebisha maji, matunda yajayo yatakuwa safi.

Ukilazimika kutumia dawa ya kiwandani soma siku za kusubiri kwenye lebo na uzihesabu kweli kweli. Hii ni mboga unayomlisha mtoto wako, kama lebo inasema siku 7 basi siku ya 5 usivune. Vaa glavu na barakoa, simama upepo ukiwa mgongoni kwako.

Hatua ya 10: Kuvuna na kurudishia udongo

Vuna asubuhi kabla jua halijachoma. Mchicha wa kung'oa ng'oa, wa kukata kata sm 10 toka chini utachipua mara mbili tatu. Bamia kila siku ya pili zikiwa na urefu wa kidole, ukiacha siku nne ni kuni. Kabichi ikishikika ngumu ikate, ikipata mvua kubwa baada ya kukomaa inapasuka.

Kila tuta likitoka zao rudisha debe mbili za samadi au mboji kabla ya zao jipya. Kwa mimea iliyopo kila wiki tatu toa mbolea maji: robo gunia la samadi ndani ya pipa la lita 100, koroga kila siku, baada ya wiki mbili chota, zimua mpaka rangi iwe kama chai ya rangi nyepesi, mwaga kwenye shina.

Daftarini andika vitu vinne tu kwa kila tuta: ulisia lini, ulihamisha lini, ulivuna lini, nini kilikufa. Mwisho wa kila mwezi angalia kitalu. Kama hakuna miche inayokua humo, basi wiki sita zijazo tuta moja litakuwa tupu, kwa hiyo angalia kalenda ya miezi miwili mbele inasemaje, usie hicho jioni hiyo hiyo.